Kutazama Katika Nyumba ya Makumbusho ya Sanaa

Tangu niliporudi kutoka Maputo wenzangu wengi wameniuliza swali moja: mtu akiingia katika nyumba ya makumbusho ya sanaa, afanye nini humo? Swali hili ni la haki. Sokoni twaenda kununua, shuleni twaenda kusoma, hospitali twaenda kutibiwa. Lakini katika nyumba ya makumbusho hakuna kinachouzwa, hakuna mwalimu, wala huruhusiwi kugusa kitu. Kazi yako ni kutazama tu. Watu hudhani kwamba kutazama hakuna mafunzo, maana kila mwenye macho huona. Walakini kuona ni jambo moja, na kutazama ni jambo jingine. Katika makala haya nataka kueleza yale yanayompata mgeni ndani ya nyumba hizo, na kuonyesha kwamba sisi watu wa pwani ya kaskazini ya Cabo Delgado, ingawa tu mbali nazo, tunayo mengi ya kuingia nayo mlangoni, kama tutayashika kabla hayajapotea.

Kwanza yafaa kutenga nyumba za namna mbili. Ziko zinazoweka vyombo vya maisha ya watu: mitego ya samaki, vinu, ngoma, pinde, mikeka na vinyago vya kuchezea. Ya namna hiyo ni Makumbusho ya Taifa ya Etnolojia ya Nampula, yaliyofunguliwa mwaka 1956. Ziko nyingine zinazoweka kazi zilizofanywa kusudi zitazamwe, yaani picha za rangi na sanamu za mafundi wa zama zetu. Ya namna hiyo ni Makumbusho ya Taifa ya Sanaa ya Maputo, yaliyofunguliwa mwaka 1989. Katika nyumba ya kwanza mgeni huuliza, "Kitu hiki kilitumikaje?" Katika ya pili huuliza, "Mtu huyu aliona nini hata akafanya hivi?" Nami nilipata bahati ya kuziona zote mbili katika safari moja.

Likizo iliyopita nilimsindikiza mjomba wangu aliyekwenda Maputo kumtembelea mwanawe. Safari hiyo ni zaidi ya kilomita 2,000, nasi tulipumzika siku mbili Nampula. Mjomba ni fundi wa mashua. Hakusoma ila chuo cha Kurani, na Kireno chake ni cha sokoni. Namtaja hapa kwa sababu yeye, asiyejua kusoma hata kibao kimoja cha maelezo, alinifundisha kutazama kuliko vibao vyenyewe.

Nyuma ya Makumbusho ya Nampula wapo mafundi wa Kimakonde wanaochonga mpingo kivulini. Kwa hiyo mgeni aweza kuona ndani kazi iliyokwisha, kisha akatoka nje akaona kazi inavyozaliwa. Mjomba alikaa nje kuliko ndani. Alimwamkia fundi mmoja mzee, akaomba ruhusa, akaishika patasi yake na kuipima uzito mkononi. Wakazungumza kwa Kiswahili. Yule mzee akamwonyesha gogo lililokatwa: nje lina ganda jeupe kama maziwa, na ndani kiini cheusi. Akasema kwamba mpingo ni mgumu hata chombo hutaka kunolewa kila mara, na kwamba gogo lililopinda halinyoshwi. "Hutafutiwa umbo lake," alisema, "maana mti wenyewe ndio unaokuambia utakuwa nini."

Mjomba akacheka, akasema, "Kama taruma la mashua." Msomaji asiyeijua kazi hiyo yafaa nimweleze. Mataruma ni mbavu za chombo. Fundi wa pwani hapindi ubao mnyofu kufanya taruma. Huingia porini au mikokoni kutafuta tawi lililopinda lenyewe kwa kipimo anachotaka, kwa sababu tawi la namna hiyo nyuzi zake hazikatiki, nalo hustahimili mawimbi. Basi fundi wa bahari na fundi wa mpingo, ambao mmoja hakai nchi ya mwenziwe, walikuwa wakifuata sheria moja. Nililiweka neno hilo moyoni, nalo lilinifaa Maputo.

Hapana budi niseme kidogo habari ya vinyago hivi vya mpingo, maana wengi hudhani ni vya kale sana. Vya kale ni vinyago vya ngoma ya mapiko, vinavyochongwa kwa mti mwepesi ili mtu aweze kuvivaa kichwani na kucheza. Sanamu nyingi za mpingo tunazoziona leo ni za sanaa ya kisasa. Wamakonde wengi walivuka mto Ruvuma wakaenda Tanganyika kufanya kazi katika mashamba ya mkonge, na baadhi yao wakaanza kuchonga vya kuuza Dar es Salaam. Katika miaka ya 1950 fundi mmoja aliyetoka Msumbiji, Samaki Likankoa, alianza kuchonga viumbe visivyofanana na mtu wala mnyama: jicho moja, mguu unaogeuka mkono, tumbo lenye tundu. Mtindo huo ukaitwa shetani. Mtindo mwingine ni wa watu wengi waliopandiana kuzunguka gogo moja, huyu amemkanyaga yule begani na yule amembeba mwingine. Huo huko Tanzania ukaja kuitwa ujamaa. Mitindo yote miwili ni ya watu waliohama makwao, wakaingia mji mgeni, wakatafuta riziki.

Sasa tuingie Maputo. Jambo la kwanza linalompata mgeni ni kimya. Kuta nyeupe, sakafu safi, sanamu juu ya meza yake peke yake, na watu wanaosema kwa kunong'ona. Mjomba alipofika mbele ya sanamu moja ya mpingo iliyopinda kama moshi, alinyosha mkono. Mlinzi akamwambia kwa adabu, "Samahani baba, haturuhusu kugusa." Mjomba akarudisha mkono, akaniuliza kwa sauti ndogo, "Kazi ya mti bila kuipapasa utaijuaje?" Nilimweleza sababu: mkono wa mtu una jasho na mafuta, na mikono elfu ikipita mahali pamoja hubadili rangi ya mti na kuula uso wake. Akakubali. Lakini swali lake lilikuwa na maana. Nyumba ya makumbusho huhifadhi kitu kwa kukiondolea mambo mengi: huondoa mkono, huondoa harufu, huondoa sauti, huacha jicho peke yake. Mgeni asiyejua kwamba vimeondolewa hudhani ameona kitu kizima.

Basi Mjomba alifanya kwa macho yale aliyozuiwa kufanya kwa mikono. Alichutama akaitazama sanamu tangu chini, kama mtu anayekagua mkuku wa mashua iliyopandishwa mchangani. Akazunguka upande wa pili. Akanionyesha mahali ambapo fundi aliacha kipande cha ganda jeupe kionekane, na mahali ambapo gogo liligeuka, na sanamu nayo ikageuka hapo hapo. "Huyu fundi," alisema, "aliukuta mti umepinda, hakuuonea." Tulikaa mbele ya kazi ile moja muda wa robo saa.

Robo saa kwa kazi moja ni muda mwingi kuliko desturi ya wageni wa dunia. Watafiti waliwapima wageni wa Makumbusho ya Metropolitan huko New York, na matokeo yao yakachapishwa mwaka 2001: kwa wastani, mgeni alitazama kazi moja kwa sekunde 27. Mwaka 2017 yakachapishwa matokeo ya kipimo kama hicho katika Art Institute of Chicago, nayo yalikuwa karibu sekunde 29. Kazi iliyomchukua fundi siku nyingi hupewa muda wa kufunga kamba za viatu! Tena lipo jambo la uchovu. Mwaka 1916 Benjamin Ives Gilman wa makumbusho ya Boston, Marekani, aliandika juu ya uchovu wa makumbusho, akaonyesha kwa picha jinsi mgeni anavyoinama na kujipinda ili aone vitu vilivyowekwa vibaya. Mtu anayetaka kuona kila kitu huchoka mapema kuliko mtu aliyelima asubuhi nzima, kisha hutoka bila kukumbuka hata kimoja. Afadhali uchague kazi tano, uzitazame kweli, na nyingine uzipite kwa salamu tu.

Katika chumba cha picha tulifika mbele ya picha ya Malangatana. Jina lake kamili ni Malangatana Valente Ngwenya. Alizaliwa mwaka 1936 katika kijiji cha Matalana, kusini ya nchi yetu. Kijana huyu aliokota mipira katika klabu ya tenisi ya Wareno huko Lourenço Marques, mji ambao leo ni Maputo, hata msanifu majengo Pancho Guedes akampa mahali pa kuchorea. Maonyesho yake ya kwanza ya peke yake yalikuwa mwaka 1961. Baadaye polisi wa siri wa Kireno wakamtia gerezani. Alifariki mwaka 2011, na mwaka 2020 Art Institute of Chicago, ile ile ya sekunde 29, ilifanya maonyesho ya kazi zake. Picha zake nyingi zimejaa nyuso kutoka pembe hata pembe, macho makubwa, meno, kucha, wala hapana nafasi hata ya kupitisha kidole.

Hayo yote niliyasoma, nami nikataka kumsomea Mjomba. Lakini yeye alikuwa amekwisha kuitazama picha, akasema, "Hivi ndivyo tulivyokaa ndani ya mashua."

Wasomaji wa pwani hawahitaji kuelezwa, ila kwa wengine nitasema. Mwezi wa Machi mwaka 2021, Palma iliposhambuliwa, watu wengi walikimbia kwa vyombo vya baharini kwenda Pemba. Mjomba na watu wake walikuwa miongoni mwao. Alisema kwamba ndani ya mashua ile hukuweza kujua mguu huu ni wa nani na mkono ule ni wa nani. Uliona macho tu. Malangatana hakuchora Palma, maana alikuwa amekwisha kufariki miaka kumi kabla. Alichora taabu za zama zake. Lakini mtu aliyewahi kubanana na wenziwe kwa hofu alijua mara moja kwamba mchoraji naye alijua jambo hilo. Hii ndiyo faida ya sanaa ya kisasa ambayo wengi huiona ni fumbo. Haikuulizi kwanza kama unamjua mchoraji. Yakuuliza umeona nini katika maisha yako. Ukisha kujibu, ndipo kibao cha maelezo hukufaa, maana hukuonyesha mchoraji naye alitoka wapi. Ukianza na kibao, mara nyingi huishia kwenye kibao.

Pengine mtu ataniuliza: je, sisi wa pwani, ambao wengi wetu ni Waislamu, tuna shughuli gani na sanamu? Ni kweli kwamba sanaa ya wazee wetu haikuchonga watu. Wao walitia nakshi katika milango, walisuka mikeka yenye mistari na rangi, na mafundi wa Ibo walifua fedha nyembamba kama uzi. Lakini jicho lililolelewa na nakshi si jicho maskini. Hujua mstari unapoanza na unaporudi, na hujua kosa la nukta moja. Mjomba aliulizwa jambo hilo hilo na mwanawe, akajibu kwa ufupi: "Mimi sikwenda kusujudu, nalikwenda kutazama kazi ya fundi." Nami naona jibu lake latosha. Tena tusisahau kwamba kutoka Mocímboa da Praia hata nyanda za Mueda si mbali, na dharau ya pwani kwa watu wa bara, na ya bara kwa watu wa pwani, haijatuletea heri.

Sasa nirudi kwenye jambo la vitu vinavyoondolewa. Tazameni kinyago cha mapiko ndani ya kabati la kioo. Ni kichwa cha mti, pengine kina nywele za kweli, kina chale usoni. Chatulia. Lakini kwao hakitulii hata kidogo: kina mtu ndani yake aliyefunikwa nguo mwili mzima, ngoma zinalia, watoto wanakimbia, na wanawake wanajifanya hawamjui aliyevaa. Kioo hakiwezi kuhifadhi hayo. Huhifadhiwa na watu. Na hata kioo chenyewe si salama siku zote. Mwaka 1984 vitu viliibwa katika Makumbusho ya Taifa ya Dar es Salaam, na kimojawapo kilikuwa kinyago cha Kimakonde. Baadaye kikaonekana katika Makumbusho ya Barbier-Mueller mjini Geneva, Uswisi, na mwaka 2010 kikarudishwa Tanzania. Miaka 26 kilikuwa hakipo, na wageni wa nchi nyingine walikitazama bila kujua kwamba kwao kinatafutwa.

Kitu kingine kinachopotea ni jina. Katika makumbusho mengi ya dunia, chini ya picha ya Mzungu utasoma jina lake, mwaka aliozaliwa na mwaka aliokufa. Lakini chini ya kinyago cha kale cha kwetu utasoma "Makonde, Msumbiji" basi. Kana kwamba kabila zima lilishika patasi moja! Aliyenunua hakuuliza jina, na aliyeuza hakuambiwa alitaje. Katika sanaa ya kisasa mambo yamebadilika kidogo. Mwaka 1989, mwaka ule ule wa kufunguliwa Makumbusho ya Maputo, yalifanywa maonyesho makubwa huko Paris, Ufaransa, ya mafundi zaidi ya 100 kutoka pande zote za dunia, nusu yao wakitoka nje ya Ulaya na Marekani ya Kaskazini. Mmoja alikuwa mchongaji wa Kimakonde kutoka Msumbiji, John Fundi, kwa jina lake. Na yuko mama Reinata Sadimba, aliyezaliwa mwaka 1945 katika nyanda za Mueda. Kwa Wamakonde, mti ni kazi ya wanaume na udongo ni kazi ya wanawake. Reinata alianza na vyungu, kisha vyungu vyake vikaota vichwa, mikono, matumbo yenye watoto, na nyuso zenye chale. Alihamia Tanzania miaka ya vita, akarudi mwaka 1992, na kwa miaka mingi alifinyanga Maputo katika karakana iliyo kwenye Makumbusho ya Historia ya Asili. Mtu akitazama kazi zake haulizi ni za kabila gani kwanza. Husema, "Hii ni ya Reinata."

Hapo ndipo nilipotaka kufika. Nyumba ya makumbusho hufanya nusu ya kazi: hukiweka kitu kisiliwe na mchwa wala kisichomwe moto. Nusu ya pili huletwa na mgeni, yaani ujuzi wa kitu kilichogusikaje, kililiaje, kilitumikaje, na nani alikifanya. Nusu hiyo ya pili iko kwetu, katika vichwa vya wazee wetu, nayo sasa i hatarini. Vita iliyoanza Mocímboa da Praia mwezi wa Oktoba mwaka 2017 imewatawanya mafundi, na vyombo vyao vimebaki nyuma. Mjomba aliporudi Palma alikuta banda lake majivu, na tezo aliloachiwa na babu yake halikuonekana. Tezo lile halikuwahi kupigwa picha wala kuandikwa popote. Nilipomuuliza jina la babu huyo, alinitajia; nami nikaliandika, pamoja na namna mpini ulivyokuwa, na mti uliofanyiwa mpini huo. Ni mistari minne tu. Lakini kabla ya siku ile haikuwapo hata mmoja.

Kwa hiyo, ndugu wasomaji, nawapa shauri mbili. Ya kwanza ni kwa atakayepata nafasi ya kwenda Nampula, Maputo au Dar es Salaam. Ingia ukiwa umepumzika. Chagua kazi chache. Tazama kabla hujasoma. Zunguka sanamu, chutama, itazame toka chini. Jiulize: ni kitu gani hapa kimeondolewa? Mkono, sauti, jina, au vyote? Na ukiweza, nenda na mtu mzima mwenye ufundi wowote, mhunzi, mfumaji, mfinyanzi au fundi wa mashua, umsikilize.

Shauri la pili ni kwa wote, hata wasiosafiri. Chukua kitu kimoja kilichofanywa kwa mkono nyumbani kwenu, kiwe kinu, mkeka, mlango, kasia au chungu. Uliza nani alikifanya, wapi, mwaka gani, kwa mti au udongo gani, na kwa kazi gani. Andika katika kikaratasi kimoja, ukianza na jina la fundi. Mwalimu wetu wa historia amekubali kutupa kabati moja katika maktaba ya kuwekea vikaratasi hivyo, na mpaka leo vimekwisha kufika kumi na saba. Kabati lina nafasi ya vingi zaidi.